Haibridi ya familia miezi michache baada ya kununua: kipi ni tabia yake, kipi ni dalili ya tatizo?

Mama_Wawili

Habari zenu wakuu. Tuna gari la familia la haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), viti vitano, lile lisilochomekwa kwenye umeme. Lilishatumika kabla halijatufikia, na sasa tumelizoea kiasi cha kuanza kuona mambo yanayonitia shaka.

Kwanza ulaji wa mafuta. Kwenye safari ndefu linakwenda vizuri, lakini wiki za kupeleka watoto shule na kurudi linakunywa karibu sawa na gari la kawaida. Pili, jioni kukiwa na joto nasikia feni ikivuma upande wa kiti cha nyuma, na zamani haikusikika. Tatu, alama ya betri kubwa haijawahi kujaa hata siku moja, na kuna wakati injini inawaka yenyewe gari likiwa limesimama kwenye foleni. Nne, asubuhi moja taa nyingi ziliwaka kwa pamoja, neno READY (yaani gari liko tayari kwenda) likakataa kutokea, nikazima na kuwasha tena likakubali.

Fundi wetu ni mzuri kwa injini za kawaida, ila kwa hili anasema "betri inakufa, andaeni mpya". Sitaki kubadili kitu kikubwa kwa kukisia. Nianzie wapi?

Fundi_Volti

Dada, usiandae betri yoyote bado. Katika hayo manne, mawili ni tabia ya gari, moja ni la kushughulikia wiki hii, na moja ni la kupima kesho asubuhi kabla ya yote.

La kesho asubuhi ni hilo la READY. Haibridi ina betri mbili. Ile kubwa ndiyo inayozungusha injini iwake na kusukuma matairi, lakini haiwezi kufanya lolote mpaka ile ndogo ya volti 12 iamshe kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoiunganisha ile kubwa na mfumo. Volti 12 ikishuka, kompyuta zinaamka nusunusu, kila moja inalalamika kivyake, na dashibodi inajaa taa utadhani gari zima limeharibika. Na kwa kuwa betri ndogo haizungushi stata, hutapata ile dalili ya injini kuzunguka kwa uvivu. Inachoka kimyakimya, siku moja gari linagoma.

Kupima ni rahisi. Iache gari usiku kucha, asubuhi pima kwa mita kwenye vichwa vya betri. Mara nyingi imefichwa ubavuni mwa buti au chini ya kiti cha nyuma, na kwa magari machache iko chini ya boneti. Ukifungua mlango kompyuta zinaamka na kuvuta umeme, hivyo fungua, andaa waya za mita, kisha subiri dakika chache zilale ndipo usome. Volti 12.6 na kuendelea ni nzima na imejaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 imechoka au kuna kitu kinainyonya. Kisha washa mpaka READY na upime tena: isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma hivyo, chaji inafika na lawama ni ya betri ndogo yenyewe. Ikibaki 12 na kitu huku READY imewaka, basi kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa kuwa wa volti 12 hakifanyi kazi, na hilo ni la mwenye vifaa vya haibridi.

Ukibadilisha, usiweke betri yoyote iliyopo dukani kwa kuwa tu inaenea. Iliyo ndani ya buti au chini ya kiti lazima iwe ya aina ya AGM iliyofungwa (asidi yake imenyonywa kwenye mikeka, haimwagiki), yenye kitundu cha kuunganisha mpira wa kutolea gesi nje ya gari. Mpira huo usiachwe ukining'inia, maana familia inakaa humo ndani.

Kinachoua betri ndogo kwenye magari ya familia ni safari fupifupi, taa ya ndani iliyoachwa, ufunguo wa mbali unaowekwa karibu na gari usiku kucha ukiwa unaongea nalo, na kukaa na redio bila READY. Ukibonyeza kitufe bila kukanyaga breki unaamsha vifaa tu, hakuna kinachochaji. Mtu akibaki garini na watoto akisubiri, aache READY ikiwaka. Injini itajiwasha na kujizima yenyewe inapohitaji.

Njia_Ndefu

Nijibu la mafuta na la betri isiyojaa, kwa sababu yanahusiana.

Betri kubwa ya haibridi isiyochomekwa haikuundwa ijae. Kompyuta huizuia icheze takriban kati ya asilimia 40 na 80, na hupendelea ikae karibu na 60. Ikijaa kabisa hakuna nafasi ya kupokea umeme wa breki (ule ambao mota huuzalisha gari likipunguza mwendo), ikiisha kabisa seli zinaumia. Kwa hiyo ukiona vijiti viwili vya juu havijazwi, ndivyo inavyotakiwa. Na ukisimama kwenye foleni na AC, kompresa yake inaendeshwa na umeme wa betri hiyo hiyo. Ikishuka karibu na 40, injini inawaka, inachaji dakika kadhaa, inazima. Kawaida kabisa.

Jambo moja tu kwenye foleni: usiweke N. Ukiwa N jenereta haiwezi kuchaji, hata injini ikiwa inaunguruma. AC inavuta, betri inashuka, hakuna kinachorudi. Kaa D umekanyaga breki, au weka P.

Sasa mafuta. Kila injini inapowaka ikiwa baridi, inalazimika kukimbia mpaka kisafisha moshi na maji ya injini vipate moto. Hapo haijali kama betri imeshiba. Safari ya kilomita mbili ikiisha, umelipa gharama yote ya kupasha moto na hujafaidi hata dakika ya kutembea kwa umeme. Gari likipoa, unalipa tena. Ndiyo maana wiki ya shule inaonekana mbaya. Unganisha safari: shule, soko na kazi kwa mfululizo mmoja, ukianza na kituo cha mbali zaidi ili injini iwe moto unapoanza vile vituo vya karibu.

Pima kwa pampu, usitegemee dashibodi peke yake, mara nyingi huwa inajipendelea. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, andika kilomita, endesha, jaza tena kwa namna ile ile. Kama zimeingia lita 38 na umetembea kilomita 646, ni kilomita 17 kwa lita. Fanya hivyo kwa matangi matatu ndipo ulaumu gari. Halafu angalia upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, kwa namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Haibridi inaonyesha haraka kuliko gari lingine tairi likipungua upepo, kwa sababu kuteleza bila injini ndiko kunakookoa mafuta.

Na usiondoke kwa kunyata. Watu wengi wanadhani kukanyaga kidogo sana ndiko kubana matumizi. Ondoka kwa nguvu ya wastani, fika mwendo unaoutaka, legeza mguu kabisa injini izime, kisha kanyaga kwa wepesi uendelee. Injini ikishawaka ni afadhali ifanye kazi ya maana kwa muda mfupi kuliko kuburuzwa muda mrefu.

Karakana_Kimya

Hiyo feni ndiyo ya kushughulikia wiki hii, na naona haijaguswa.

Betri kubwa inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, ile ile mnayopumua. Hewa inaingia kupitia kitundu chenye kichujio cha plastiki pembeni au chini ya kiti cha nyuma, feni inaivuta, inapita katikati ya moduli za betri (vifurushi vya seli vinavyoiunda), inatoka. Kwenye gari la familia kitundu hicho kinapata kila kitu: makombo ya biskuti, nywele, manyoya ya paka, unga wa poda ya mtoto, na zaidi ya yote begi au blanketi lililoegemezwa mbele yake. Hewa ikipungua, betri inapata joto, kompyuta inaamuru feni izunguke kwa kasi zaidi, na hapo ndipo unaanza kuisikia. Kelele hiyo ni betri inaomba hewa. Joto ndilo linaloua seli hizi mapema kuliko kilomita.

Hatua ni hizi. Zima gari, ufunguo peleka mbali. Bandua kifuniko cha kitundu kwa kisu cha plastiki, si bisibisi ya chuma, vishikizo vyake vinavunjika. Kama kuna filta, itoe, ipige taratibu, ioshe kwa maji, ianike mpaka ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Baadhi ya matoleo ya zamani hayana filta, na vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya feni na kujenga tabaka kama la blanketi ya kijivu kwenye kila panga. Hapo filta haitakusaidia, feni yenyewe itolewe. Usipulize hewa ya kompresa kwenye kitundu, utausukuma uchafu wote ndani ya betri. Nyonya tu.

Kutoa feni ni kazi ya boliti chache za milimita 10 baada ya kuondoa plastiki za pembeni, lakini uko jirani na nyaya za rangi ya chungwa. Hizo ni za volti zinazoua. Chomoa kwanza hasi ya betri ndogo, chomoa plagi ya usalama ya betri kubwa ukiwa umevaa glavu za mpira za daraja la volti 1000, iweke mfukoni mwako mtu asiirudishe, kisha subiri dakika 10 ili vihifadhi umeme ndani ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uweze kuendesha mota) viishiwe. Kama huna glavu hizo, ishia kwenye filta na kifuniko, mengine mpe mwenye nazo. Mapanga yanasafishwa kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Ukimaliza, elewaneni nyumbani kwamba mbele ya kitundu hakiwekwi kitu, na madirisha yasifungwe gari likiwa na joto kali bila AC, kwa maana betri inanyonya hewa hiyo hiyo ya moto.

Kabla ya mtu kukuambia betri imekufa, mwambie asome volti za kila kundi la moduli kwa mashine ya kusoma kompyuta za gari. Nichukue Toyota Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, kwa kuwa namba zake zinajulikana vizuri: moduli 28, kila moja ina seli 6 za volti 1.2, jumla volti 201.6. Kompyuta inazisoma kwa makundi 14, kila kundi moduli mbili, yaani seli 12, volti 14.4 kwa jina. Gari likitulia makundi yote yawe karibu sawa, tofauti ya 0.2 au 0.3 si tatizo. Kisha mtu aendeshe kwa kukanyaga kwa nguvu huku mwingine akitazama skrini. Kundi moja likizama chini ya wenzake kwa zaidi ya volti 1, na likarudi juu yao wakati wa kuchaji, ndilo linaloumwa. Likiwa chini kwa 1.2 hivi muda wote, hiyo ni seli moja iliyokufa, hesabu inajieleza. Msimbo wa hitilafu P0A80, ule wa betri kubwa, ukionekana pamoja na kundi kama hilo, sawa, betri imechoka. Ukionekana peke yake bila vipimo, omba vipimo.

Kwenye dashibodi dalili yake ni vijiti vinavyopanda hadi juu na kushuka hadi chini ndani ya dakika chache kwenye barabara tambarare. Kutojaa si dalili.

Gia_B

Naongeza: kubadilisha moduli moja iliyokufa na kuacha 27 kuukuu ni kutupa fedha. Mpya inashika chaji tofauti na wazee wake, mizani inaharibika, baada ya muda inaanguka nyingine. Nunua seti nzima.

Pia kwenye mteremko mrefu tumieni B (nafasi ya gia inayotumia injini kushikilia gari), betri ikijaa breki za umeme zinaacha kupokea na pedi zinabeba peke yake.

Karakana_Kimya

Gia_B, kwenye B tuko pamoja, mradi mtu asiitumie kila siku kwa kudhani inachaji zaidi. B inaifanya injini izungushwe bure ili ishikilie gari, nguvu inapotea kama joto. Mjini breki ya taratibu ukiwa D inarudisha umeme mwingi zaidi.

Kwenye moduli sikubaliani moja kwa moja. Kama betri ina umri mdogo na moduli moja ina hitilafu, kuweka iliyotumika yenye uwezo unaolingana, baada ya zote kuchajiwa na kutolewa chaji kwa mzunguko mpaka ziwe sawa, ni kazi halali. Kinachofeli ni kuchomeka moduli yoyote bila kuipima uwezo wake. Ile ya Prius ikiwa mpya kabisa ilikuwa na uwezo wa saa-ampea 6.5, basi inayoingia na zinazobaki zipimwe na zilingane. Na boliti za vichwa zifungwe kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 5.4 tu, zikizidi zinang'oa nyuzi. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vikiwa na ukungu wa kijani visafishwe au vibadilishwe, vinginevyo vipimo vitadanganya. Kwa betri za lithiamu usijaribu biashara hii kabisa.

Fundi_Volti

Vitu vingine vya kukaguliwa mkiwa bado hamjui historia ya gari, dada.

Inveta ina maji yake ya kupoza, tofauti na ya injini, yenye tangi dogo na pampu ya umeme. Kiwango kiwe kati ya alama mbili gari likiwa baridi. Washa READY na tazama ndani ya tangi: maji yaonekane yakichezacheza. Yakitulia tuli, pampu haisukumi au kuna hewa imenaswa kwenye mabomba. Msimbo wake ni P0A93, na dereva anaona gari likipoteza nguvu kwenye kilima siku ya joto. Kwa Toyota weka ile ya waridi iliyochanganywa tayari, usiongeze maji ya bomba.

Breki zinadanganya kwa uzuri. Kwa kuwa umeme ndio unaopunguza mwendo mwingi, pedi zinadumu sana, na kwa sababu hiyo hakuna anayefungua. Pini za kalipa zinakauka na kushika, diski zinaota kutu, pedi moja inaisha upande mmoja. Mara moja kwa mwaka zifunguliwe, pini zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni, maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Fundi achomoe hasi ya betri ndogo kabla ya kutoa pedi, maana pampu ya breki inajaza presha yenyewe mlango ukifunguliwa, na pistoni inaweza kumsukuma vidole.

Oili ya giaboksi wengine wanaiita ya maisha. Itoeni ikifika karibu kilomita 100,000. Kwa Toyota ni ATF WS, jaza gari likiwa limesimama sawa mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia. Na kwa safari zenu fupi angalieni kijiti cha oili ya injini: kikipanda badala ya kushuka na kunuka petroli, badilisheni mapema.

AC ikihitaji gesi, hakikisha kituo hakitumii oili ya PAG, ile ya kawaida ya kompresa za AC. Kompresa ya umeme inataka oili isiyopitisha umeme, ND-11 kwa Toyota nyingi. Oili ya kawaida ikiingia, umeme wa volti kubwa unaanza kuvuja kwenye bodi, gari linatoa P0AA6 na kukataa READY, na kusafisha mfumo wote ni kazi kubwa.

Mama_Wawili

Ahsanteni sana, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Nimepima: asubuhi 12.0, READY ikiwaka 14.1. Filta ilikuwa imeziba kabisa, imeoshwa na feni imetulia. Makundi ya betri kubwa yamesomwa, tofauti kubwa gari likikanyagwa ilikuwa 0.4.

Betri ndogo mpya inachukua siku kadhaa kufika. Ikigoma kabla ya hapo, naweza kubustiwa na gari la jirani? Na yeye akigomewa naweza kumbusti?

Fundi_Volti

Vipimo vyako ni vizuri, betri kubwa iache ilivyo. Tatizo lako ni ile ndogo.

Kubustiwa unaweza. Kwa magari ambayo betri ndogo iko nyuma, usihangaike na buti, ambayo huenda isifunguke kabisa. Ndani ya sanduku la fyuzi chini ya boneti kuna kichwa chenye kifuniko chekundu, hapo ndipo chanya. Hasi weka kwenye chuma tupu cha bodi au injini, mbali na betri. Anza na nyekundu yako, kisha nyekundu ya jirani, nyeusi ya jirani, mwisho nyeusi kwenye chuma chako. Subiri dakika tano, kanyaga breki, bonyeza mpaka READY itokee, kisha ondoa waya kwa mpangilio wa kinyume. Hakikisha mara mbili rangi kabla ya kugusa. Ukigeuza chanya na hasi unaunguza fyuzi kuu, na pengine kifaa cha kuchaji pamoja nayo.

Yeye usimbusti. Stata ya gari la kawaida inavuta ampea nyingi kwa mpigo, na njia ya volti 12 ya haibridi haikuandaliwa kwa mvuto huo. Mwazime waya, atafute gari lingine.

Mpaka betri ifike, weka READY saa nzima siku ambazo gari halitoki, nje penye hewa na mtu akiwa karibu, taa na AC vikiwa vimezimwa. Na petroli isishuke mpaka mwisho: ikiisha, betri kubwa itajaribu kulisukuma gari peke yake, na ikishashuka mno hakuna cha kuwasha injini hata ukimimina lita kumi. Likihitaji kuvutwa, matairi ya mbele yawe hewani, kwa sababu mota imeungana nayo muda wote na yakizunguka inazalisha umeme hata gari likiwa limezimwa.

Mama_Wawili

Nimeelewa. Ufunguo nao nimeuhamishia chumbani, ulikuwa unalala kwenye ndoano mlangoni, hatua mbili kutoka gari lilipo.